Usiifunge

Duka langu liko Langoni, mlango wa pili baada ya fundi saa.
Upana wake hatua nne. Mashine ya kuchoma sidii
naifunika kitambaa kwa ajili ya chokaa;
mtu akibomoa ukuta Mkomani, mimi huku napiga chafya.

Bi Mwanaate alikuja Rajabu
na picha tisa katika kamera ya kuazima:
daka lililomeguka, boriti iliyoliwa, ukuta uliotoa tumbo.
"Za Lali hizi. Aone pesa zake zaendapi."
Lali ni mwanawe, yuko Maskati.
Nikachoma. Nikamuuliza ninavyowauliza wote:
Niifunge?
"Sifunge, mwanangu. Kungali na ya kuya."

Nikamweleza basi, maana ni haki ya mteja:
diski isiyofungwa hurudiwa, hutiwa jipya juu ya la zamani,
lakini kila urudipo hutozwa.
Megabaiti kumi na tatu, wala si picha, wala si sauti,
ni kizingiti tu
kati ya moto wa jana na moto wa leo.
Akacheka. "Na nyumba je?
Kuta zala nafasi. Taka chumba bila kuta, tukuone."

Akarudi Shaabani na boriti mpya.
Ramadhani hakuja.
Akarudi Mfunguo Mosi, viatu vyeupe vumbi,
na sauti ya mumewe, Bwanaheri,
akimhesabia fundi mifuko,
akikohoa, akigomba:
"Chokaa hii haikuiva. Ina mawe ndani. Mlikichomaje?"
"Mlikichomaje" nini, hata sijui, labda kitanuu.
Sekunde arubaini na moja. Kikao cha tatu.

Mfunguo Nne ilipoandama, Bwanaheri alikuwa ameshazikwa.

Siku ya kikao cha nne stima ilikuwa ikipepesa.
Nikafanya haraka, niwahi kabla haijakatika.
Kuna kisanduku kidogo cha kutia alama:
leta vikao vilivyotangulia.
Sikukitia.
Diski ikatoka na joto lake. Nikaifungua, nikahesabu:
picha sita za dari. Sita tu.

Ningeweza kumpa akaenda zake.

Nikamwambia, Bi Mwanaate, sikufuta.
Sidii hii haina kifutio, kilichochomwa kimechomwa.
Zimo zote, ndani, karibu na tundu.
Ila orodha mpya haizitaji.
Ni kama mtu ahesabu ukoo akaruka jina:
aliyerukwa hakuacha kuwa babu.

Hakusema kitu. Akaichukua kwa ncha za vidole,
kama mtu ashikaye kaimati ya moto,
akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.
Mimi miaka sita nachoma, sikuwahi kutazama hivyo:
pete ndani ya pete, kijani kilichokoza, uzi mwembamba,
kijani tena, uzi.
Akahesabu kwa ukucha. Moja. Mbili.
"Huyu hapa," akasema,
na ukucha haukugusa.

Tulikaa mpaka baada ya isha, jenereta ya jirani ikinguruma.
Nikakiita kikao cha tatu kwa namba yake, kikaitika.
Nikayaunganisha yote upya, nikalipa kizingiti kingine.
Kikohozi kikatoka kwenye spika ya shilingi mia mbili,
na yeye akamjibu, taratibu, kwa hasira ya zamani:
"Nilikwambia mapema. Fundi yule mwongo."

Lali hupiga simu. Auliza diski yake iko wapi.
Iko kwenye droo yangu, ndani ya bahasha,
jina lake juu, bila stempu.
Nafasi ingali tele, megabaiti mia tano na kitu;
ukingo wote wa nje haujaonja moto.

Juzi mamake kapita mlangoni, hakuingia.
Plasta, asema, haijakauka.
Nami sikumuuliza lile swali.